Vijinzi Nyumbani kwa Bi Rukiya

Nakumbuka siku niliyoambiwa mbele ya watu kwamba mimi ni mchafu. Kaa hapo, mjukuu wangu Swaleh, na hiyo simu iweke chini. Jana nilikuwa nimejinyoosha chumbani, mlango wazi, nikakusikia jikoni ukimwambia mkeo, "Nyumba gani hii, vijinzi kila mahali, kwenu hamkufunzwa usafi?" Nimekulea tangu unatambaa, lakini jana nilitamani kukuchapa. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya kwanza. Sasa nimeimaliza, na wewe utanisikiliza.

Niliolewa miaka ile ya mwanzo mwanzo ya uhuru. Unajua desturi ya hapa Amu, mnapopaita Lamu: mwanamke huolewa akabaki nyumba ya kwao, mume ndiye anayehamia. Lakini kijijini kwetu Matondoni tulikuwa na nyumba ya makuti, na babu yako Athmani alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Rukiya, basi mimi ndiye niliyehama nikaletwa mjini, mtaa wa Mkomani, kwenye jumba lao la mawe. Bi Rukiya hakulisahau hilo hata siku moja, wala hakutaka mimi nilisahau. Funguo zote alizifunga kwenye pindo la kanga yake. Nikitaka sukari ya chai, naomba. Nikitaka mchele, naomba, na yeye anapima mwenyewe.

Mvua za vuli zilipopita, vijinzi vikaingia. Si usubi, usubi huuma. Hivi vilikuwa vile vidogo vyenye macho mekundu, vinavyoelea juu ya kikombe cha chai na kuzama kwenye mchuzi. Asubuhi vilikuwepo, adhuhuri vimezidi. Nilifagia. Nilipiga deki sakafu ya chini na ya juu. Nilimwaga maji ya moto kwenye karo la choo nikalisugua kwa kumbi la nazi mpaka vidole vikachubuka. Ndizi na maembe yakaondolewa kabisa ndani ya nyumba, tukawa tunakula matunda barazani. Vijinzi havikupungua.

Kila mgeni aliyeingia, Bi Rukiya alimpokea kwa maneno hayo hayo, huku akipunga upepeo mbele ya uso wake: "Tangu kuya kwake huyu mwana wa Matondoni, nyumba imengia inzi." Wageni wakanitazama mikono, wakanitazama pindo la nguo. Mmoja alimimina chai aliyopewa kwenye sahani, akaiacha hapo hapo bila kuinywa. Mimi nimesimama na sinia, natabasamu. Hadi leo nikilikumbuka tabasamu lile najikasirikia.

Na haikuwa chai tu, mwanangu. Mdogo wangu Maryamu alikuwa ameposwa na familia ya hapa hapa mjini. Mwanamke akirudishwa kwao kwa ukorofi, watu husema ni hasira za ujana, zitapoa. Akirudishwa kwa uchafu, nani atamchukua ndugu yake? Mama yangu angejificha uso mpaka kaburini.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole. Mpole sana. Mama yake alipomwambia nyumba inanuka inzi, hakuuliza wanatoka wapi, akaenda dukani akanunua bomba la dawa ya wadudu. Akapiga dawa vyumbani, akapiga jikoni, kisha akaingia chooni akapiga dawa juu ya birika, lile tangi la mawe la maji ya kuogea. Wewe umezaliwa na mabomba ya maji, hukuyakuta mabirika yale. Tulikuwa tunaweka ndani yake samaki wadogo, wanaokula viluwiluwi vya mbu, na maji yakawa safi ya kutawadhia mwaka mzima. Asubuhi yake samaki wote walielea matumbo juu. Ikabidi birika lote limwagwe. Vijinzi vilikufa siku hiyo, kesho yake vikarudi, na mbu wakaongezeka. Unadhani samaki waliwekwa kwenye hesabu ya nani? Bi Rukiya alisema nimeingia na mkosi.

Hapo ndipo alipomwambia mwanawe kwamba Ramadhani haitaingia na mimi nimo ndani ya nyumba. Ijumaa baada ya sala, anirudishe kwetu. Nilikuwa nimekaa pale pale, nachambua mchele. Nikamtazama Athmani. Athmani akautazama mchele.

Habari zilifika Matondoni kabla yangu, na Alhamisi asubuhi somo wangu akatokea mlangoni, ameshuka kwenye punda, miguu imejaa mchanga. Vijana wa sasa hamna masomo kama hao, mna harusi za ukumbini. Somo ndiye mwanamke aliyekufunda unapoolewa: namna ya kukaa na mume, namna ya kupika, namna ya kujisafisha na kuisafisha nyumba. Ukisifiwa, amesifiwa yeye. Ukitukanwa mchafu, ametukanwa yeye, na somo wangu huyo, Bi Mwanaesha, alikuwa amefunda nusu ya wanawake wa Matondoni. Kwa hiyo alipoketi, hakunikumbatia wala hakunipa pole. Alinitazama nilivyokuwa nalia, akasema, "Futa mato. Wafagia, wapiga deki, walia. Umetafuta?"

Nikamwambia nimesafisha kila mahali.

"Sikuuliza kusafisha. Nauliza, umetafuta watokapo? Inzi hawa hawazawi na hewa. Pana kitu kimeoza, na kimelowa, na ndipo watagapo. Nipa zikombe za kahawa na siki."

Nikampa. Akatia siki kidogo katika kila kikombe, akachanganya na sukari, akadondosha tone la sabuni ili mdudu akigusa azame. Akazungusha karatasi akaitia mdomoni mwa kikombe, tundu dogo chini, waingie wasione pa kutokea. Kikombe kimoja akakiweka jikoni, kimoja chooni karibu na karo, kimoja chumbani kwangu, kimoja chumbani kwa Bi Rukiya, na kimoja kizingitini mwa ghala la chini ya ngazi. Bi Rukiya alicheka. Aliuliza kama watu wa Matondoni huwakaribisha inzi kahawa. Somo wangu akaketi chini. Alichukua ukindu aliokuja nao akasuka mkeka wake mpaka watu wakatoka kusali alasiri.

Kisha akavikusanya, akavipanga barazani mbele ya Bi Rukiya na mbele ya Athmani aliyekuwa amerudi kutoka msikitini. Cha jikoni kilikuwa na vijinzi vya kuhesabika. Cha chooni hivyo hivyo. Cha kwangu kilikuwa kitupu, na hilo nilitaka kila aliyeniacha na chai yake aje alione. Kikombe cha ghala siki haikuonekana. Kilikuwa cheusi.

"Nifungulia mwango wa ghala, Bi Rukiya," akasema somo.

"Humo mna zitu zangu za Ramadhani. Haingii mtu."

"Inzi wamengia."

Bi Rukiya akashika pindo lake la kanga, hakuondoka mahali pake. Basi Bi Mwanaesha akautandika ule mkeka wake mbele ya mlango wa ghala, akaketi, akasema ataondoka hapo mlango ukifunguliwa, au watu wa mtaa waje wamwondoe, na wakija atawaonyesha vikombe. Nadhani ni hao watu wa mtaa waliomtisha Bi Rukiya. Akamtupia mwanawe ufunguo.

Mlango ulipofunguka, vijinzi vilitoka kwa wingi hata Athmani akafunika uso. Mlikuwa na kanda la tende, lile kubwa la kufumwa, lililoletwa na vyombo vya Arabuni tangu kaskazi iliyopita, kabla ya mvua. Bi Rukiya alilinunua na kulificha huko ili mimi nisile. Dari la ghala lilikuwa likivuja, mvua za vuli zikaliingia, tende zikachacha, asali yake ikatiririka sakafuni mpaka nyuma ya mlango. Juu yake mlikuwa mnatambaa mafunza. Mwezi mzima mimi nasugua karo kwa vidole vya damu, na uozo umefungiwa kwa ufunguo alioubeba yeye kiunoni.

Ndipo somo wangu akasema. Alianza na babu yako. "Mato unayo, Athmani. Mkeo atukanwa mwezi mzima, nawe uko tayari kumrudisha kwao, na mwango huu wapita mbee yake kila siku. Hukunusa?" Kisha akanigeukia mimi, na ukali ule ule: "Nami nilikufunda kusafisha nyumba. Sikukufunda kuwa mchafu kwa kuambiwa. Ukiambiwa tena, uliza wapi, kisha nenda ukatazame."

Athmani alilibeba lile kanda begani, tende zinamwagika mgongoni mwake, akapita nalo barabara kuu, watu wanaona, mpaka pwani. Akarudi akaosha sakafu ya ghala mwenyewe. Siku chache baadaye vijinzi vilikwisha, bila bomba. Nikaletewa samaki wengine wa birika, na Maryamu akaolewa baada ya Idi.

Bi Rukiya hakuniomba radhi. Alinipa ufunguo wa ghala tu, akasema kiuno kimechoka. Nilikaa naye mpaka akafa, nikamwosha kwa mikono hii aliyoiita michafu, nikamsamehe mbele ya Mungu kwa sababu maiti hasubirishwi. Lakini neno lile la radhi nililingoja miaka yote hiyo, na hasira ya kulikosa ninayo bado. Uliiamsha jana jikoni.

Sasa sikiliza. Ukiona vijinzi, usinyanyue dawa ya kupuliza na usinyanyue mdomo. Tafuta kilicholowa na kuchacha: kiazi kilichosahauliwa chini ya meza, tambara bichi la kufutia, ute wa ndani ya karo ambao lazima usuguliwe kwanza ndipo maji ya moto yafuate. Kiondoe hicho, matunda uyafunike, na siki itamaliza waliobaki. Ukishindwa kujua ni wapi, tega vikombe. Na ukitaka kumwita mtu mchafu, kwanza hakikisha ufunguo wa uchafu huo hauko mfukoni mwako.

Nimekwambia nilikuwa na kazi ya kufanya. Jana ulipotoka, mimi na mkeo tulitega. Vile pale dirishani, vitazame. Cha jikoni kwake, vijinzi viwili. Hicho kilichojaa, Swaleh, kilikuwa mlangoni mwa chumba unachokifunga, unakoweka kreti zako za chupa tupu za soda, ambazo hujazisuuza tangu kibanda chako cha soda kifungwe.

Nenda. Mtake radhi kwanza, kwa mdomo, asikie na mimi nisikie. Kisha uzibebe mwenyewe mchana huu, kwa mlango wa mbele. Mungu akuweke, akupe nyumba yenye amani na watoto watakaokuheshimu, na akujaalie uwe mwepesi wa kusema lile neno nililolingoja mimi. Kamba ya kufungia kreti iko nyuma ya mlango.