Gari Lililopiga Magoti

Nilijifunza ufundi wa magari kwa kusoma, na gari langu la kifahari la zamani nililijua vizuri. Kabla ya kwenda Mutuini kumposea mwanangu, nililibadilisha sura: taa, grili na bampa za toleo jipya. Mifuko ya hewa inayoliinua ilikuwa ikivuja, lakini niliiacha kwa kuwa haionekani.

Wakwe walilisifu, tukaingia kula. Tulipotoka, gari lilikuwa limeshuka hadi tumbo likagusa nyasi.

“Gari limetupigia magoti, baba,” mama wa binti akaniambia. “Na hata mbuzi wa mahari hatujataja.”

Wote walicheka isipokuwa mwanangu. Alikuwa ameniomba twende na kigari chake. Niliinama kama ninayekagua tairi, kwa sababu sikuweza kumtazama.