Samaki Waliokufa Siku ya Ubatizo

Msomaji wetu wa upande wa Mwanza ametuletea kisa hiki. Jina lake tunalo sisi, na tutabaki nalo.

Mhariri, nifichie jina langu, na la kanisa letu pia. Nina umri wa miaka thelathini na mitatu. Mume wangu ni mwinjilisti, nasi tunakaa kando ya ziwa, kupita Kirumba kidogo. Mungu ametupa mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na miwili, nitamwita Debora. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo nasema yote. Gazeti hili mume wangu halisomi, husema ni la mambo ya dunia.

Kanisani kwetu mtu hubatizwa kwa kuzamishwa ziwani, katika kighuba chenye matete, kwa sababu kwingine ni mawe na kina kirefu. Mume wangu amesimama katika maji yale miaka mingi, na kwa miaka mingi amekuwa akikojoa damu. Alinificha hadi Debora naye alipoanza. Hapo ndipo alipompeleka hospitali mwenyewe, mbio. Msidhani ni mtu mjinga.

Daktari alisema ni kichocho. Alimweka mume wangu mbele ya kile kioo cha kukuza vitu akawaona wadudu wenyewe, akamweleza kwamba wanatoka kwa konokono wa matete, wakamwingia mtu akiwa majini.

Mume wangu akauliza, "Hata pale ninapobatizia watu?"

"Hasa pale, mwalimu," daktari akajibu.

Tangu siku ile sala zake zikawa fupi. Nilimsikia akigeukageuka kitandani, na mara moja aliniuliza, "Mama Debora, Bwana anawezaje kunituma niwatie watu ugonjwa kwa jina lake?" Mimi ningejibu nini? Niliishia darasa la nne la misheni.

Nikamwendea daktari peke yangu nikamwomba dawa ya maji. Naye ni mtu wa kusali, hakunicheka. Alisema ipo mrututu, yale mawe ya buluu, inaua konokono, ila baada ya muda wanarudi. Nilimsihi asimwambie mume wangu, maana angesema maji ya Mungu hayatiwi dawa. Jumamosi kabla ya ubatizo, dresa wake, yule msaidizi wa hospitali, akaimwaga mrututu kighubani.

Hakuna aliyeniambia kuhusu samaki.

Jumapili tulipofika na nyimbo zetu, furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wakielea matumbo juu, kila mahali. Wazee wawili wakaanza kurudi nyuma. Mume wangu akanyanyua mikono na sauti yake ya zamani ikarudi: "Msiogope! Tazameni, dhambi zenu zimekufa hata kabla hamjaingia!" Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo. Alibatiza huku analia. Nami nililia, na kila mtu akadhani ni kwa furaha.

Sasa watu wanatoka hata Buswelu, mbali huko, kuja na vibuyu kuchota maji yale, wawanyweshe wagonjwa. Waliokuwa wakichomwa sindano za kichocho hospitali wameacha, na siwalaumu, sindano zile ni chungu na zinatapisha. Debora alikuwa amefika nusu ya sindano zake. Baba yake amemkatisha. Atambatiza siku ya Pasaka, na anasema maji yale yatamalizia yaliyobaki. Daktari anasema nusu ya dawa si dawa, na konokono wameshaanza kurudi, nami nimewaona kwenye matete kwa macho yangu.

Nilijaribu kusema. Tulikuwa tunakula, nikamwuliza, "Baba Debora, na kama wale samaki waliuawa na kitu?"

Akacheka, akamega tonge. "Kila kinachokufa kimeuawa na kitu. Lakini kitu hicho nani alikileta?"

Jina langu lilikuwa mdomoni. Kisha akasema, taratibu, "Mke wangu, tangu siku ile siogopi kufa." Nikalimeza jina langu pamoja na ugali.

Mimi naamini Mungu ndiye aliyemleta daktari, na mrututu aliiumba yeye yeye. Kwangu hakuna ugomvi kati yao. Ugomvi uko nyumbani mwangu, na mimi ndiye niliyeuleta kwa kutaka kuwapatanisha kimyakimya. Mchuma janga hula na wa kwao.

Jana Debora alijaribu kanzu nyeupe niliyomshonea. Aliniuliza, "Mama, nikitoka majini damu itakwisha?" Nikamwambia ageuke nimpime upindo, kwa sababu sikutaka anione usoni.

Daktari yuko tayari kumwaga mrututu tena kabla ya Pasaka. Anangoja neno langu. Nikikubali, mwanangu ataingia majini bila konokono, lakini samaki watakufa tena. Basi muujiza utakuwa mara mbili, na nani atamrudisha Debora, au mtoto wa jirani yangu, kwenye sindano? Nikikataa, mume wangu atamzamisha mtoto wetu kwa mikono yake mwenyewe katikati ya konokono, akiimba. Na ukweli nikiusema, sijui ataweza kusali tena, na ndiye anayekojoa damu nyingi kuliko wote.

Gazeti hufika huku kwa gari moshi, huenda majibu yenu yakanikuta nimeshachelewa. Hata hivyo nishaurini, ndugu zangu, nishike lipi? Mliosoma, msiniambie nimwache Mungu. Na ninyi washika dini, msiniambie nimwache daktari. Mwanangu anawahitaji wote wawili, na mama yake hajui amwite yupi kwanza.