Utitiri wa Jirani

Bujumbura nilikozaliwa, jirani ni mtu anayekuomba. Leo chumvi, kesho kaa la moto, keshokutwa mwiko. Hallonbergen, huku ughaibuni kwenye theluji, nilikaa miaka bila kuombwa hata kiberiti. Watu wa jengo letu walitega sikio kwanza mlangoni, wakahakikisha hakuna mtu kwenye ngazi, ndipo wakatoka. Iliniuma, na nilimwambia hivyo yeyote aliyekubali kunisikiliza.

Basi jioni moja ya baridi kengele ikalia. Alikuwa mzee wa ghorofa ya juu, dereva wa basi mstaafu. Aliniuliza, macho yakiwa kwenye viatu vyake, kama najua magonjwa ya mimea. Kiangazi alikuwa ameona lenga-lenga zangu, mchicha wa kwetu, zilivyostawi kwenye roshani. Kwa furaha ya kuombwa sikuuliza hata ni mmea gani. Nilijifunga kitenge juu ya suruali nikapanda naye.

Sebuleni kwake, chini ya taa kali, palikuwa na mimea mitatu ya bangi.

Nilikasirika. Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nilidhani kaniita kwa kuwa ni Mwafrika, eti sote tumezaliwa moshi ukitutoka puani. Nikageuka niondoke, na hapo nikamwona mkewe kwenye kiti cha magurudumu, vidole vimejikunja. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, mzee alisema, na dawa za daktari zilikuwa hazimtulizi tena. Mmea huu tu ndio uliompa usingizi.

"Mmea ukifa, hatalala," akasema.

Mama yule alinitazama. "Samahani kwa usumbufu," akaniambia polepole. Mtu mwenye maumivu yale ananiomba mimi radhi. Hasira yote ikaniishia.

Nikashika jani. Lilikuwa na vidoa vya manjano, kama mtu kalinyunyizia unga wa mahindi. Mzee alidhani ni njaa, akawa anaongeza mbolea mpaka ncha zikaungua. Kisha akaongeza joto, maana alisikia mmea huu ni wa nchi za jua. Nikamwambia nchi za jua nazo zina mvua. Nikageuza jani. Nyuma yake kulikuwa na utando mwembamba, na ndani yake vidudu vidogo kuliko chembe ya chumvi.

"Doa la ugonjwa halitembei," nikamwambia. "Hili linatembea. Ni utitiri."

Utitiri hupenda joto kavu, na yeye alikuwa ameutandikia kitanda.

Kwetu tungenyunyiza majivu, lakini majivu Hallonbergen utayatoa wapi? Tulipunguza joto, tukang'oa majani yaliyochoka, mengine tukayafuta upande wa chini kwa kitambaa na maji ya sabuni. Tukifuta, nilimsimulia jinsi tunavyoombana chumvi. Akasema kwao hilo lingekuwa aibu, wakati duka liko chini ya jengo.

Mume wangu aliposikia alishika kichwa. "Weye mama, polisi wakikukuta huko? Na kanisani utasema nini?"

"Nitasema nilikwenda kuona mgonjwa."

Lakini niliogopa, sikatai. Kila viatu vizito viliposikika kwenye ngazi, niliacha kufuta nikatega sikio. Hata hivyo nilipanda tena na tena na kitambaa changu. Mmea mmoja haukupona. Ile mingine ikatoa majani mapya, safi, na siku moja mzee akanifungulia mlango akasema mkewe analala. Nililia pale pale mlangoni.

Theluji ilipoyeyuka, mama yule alifariki. Nilimpelekea mzee sufuria ya maharage, nikakaa naye. Mimea alikuwa ameshaing'oa. Nilirudi chini na huzuni mbili, maana nilijua sasa hana sababu ya kunigongea.

Majani ya miti yalikuwa yamerudi huko nje, kengele ilipolia tena. Mzee alikuwa amesimama na kikombe kitupu mkononi. Duka la chini lilikuwa wazi, taa zake zinaonekana.

"Samahani, jirani," akasema. "Una chumvi kidogo?"

Nikamjazia kikombe.