Boksi Lililorudi Tromsø

Torleif alimwona Gunnvor kwa mara ya kwanza asubuhi moja ya Februari, akisukuma kigari cha kuteleza thelujini mpaka mlangoni mwa ghala la mizigo, uwanja wa ndege wa Tromsø. Juu yake palikuwa na boksi jeupe lililozungushiwa kamba mara nne.

"Usilirushe kama masanduku ya watalii," alimwambia. "Humo mna samaki aliyetoka majini jana, na ini lake, na mayai yake. Linakwenda Oslo kwa mwanangu Steinar."

Torleif, mpakia mizigo wa ghala hilo, ambaye kuongea na watu kulimtoa jasho, aliitikia kwa kichwa.

Gunnvor alikuwa mjane, vidole vimekakamaa kwa miaka thelathini ya kupasua samaki kiwandani. Kila Februari alirudi na boksi, na kila Februari alimpigia hesabu ile ile.

"Kilomita elfu moja na mia moja kwa njia ya angani. Kwa gari, siku mbili za kuumia mgongo. Kwa ndege, saa moja na dakika hamsini. Likiondoka saa mbili, kabla ya saa nne liko Oslo."

Kila mwaka, siku ya kutuma, saa kumi na mbili jioni, alichemsha samaki wake na ini na mayai, akakaa dirishani akala, akijua kwamba Steinar naye yuko mezani kwake anakula. Ndivyo walivyokula pamoja, mara moja kwa mwaka.

Mwaka wa tano boksi lilirudi. Lilikuwa limekaa Oslo siku nane bila mwenyewe. Torleif alipokata kamba, mafuta ya ini yalimchuruzikia mikononi, na uvundo ukampeleka nje mbio, akatapika kwenye theluji. Kisha akampigia Steinar simu kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi.

"Ah, hilo boksi," Steinar alisema. "Mimi nakaa nusu saa tu kwa treni kutoka hapo uwanjani, lakini nani apande treni na mnuko ule? Huwa nawaambia wa ghala la huku wagawane. Safari hii wamesahau."

"Hujala hata mara moja?"

"Nilikula utotoni, kaka, nikashiba maisha yangu yote." Akacheka. "Usimwambie bibi kizee. Mwache afurahie kutuma."

Torleif alikata simu akaifuta kwenye suruali. Uvundo wa samaki alikuwa ameanza kuuzoea. Kicheko kile hakikumtoka masikioni.

Kesho yake Gunnvor aliingia ghalani, uso umechangamka.

"Nimepita kukushukuru. Steinar kanipigia. Anasema ini la mwaka huu tamu kuliko yote."

Torleif alitaka kuitikia kwa kichwa, kama kawaida yake. Alijiona mchafu kama yule wa Oslo. Lakini mama alikuwa ameshaliona boksi nyuma yake.

"Hilo langu."

"Hakuja kulichukua, mama."

"Na ile miaka minne?"

"Hakuja."

Gunnvor aliinua kifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu bila kuziba pua.

"Kumbe nilikuwa nakula peke yangu," alisema. Akakirudisha kifuniko, akakibana vizuri pembe zote. Mlangoni aligeuka.

"Lifukie mahali mbwa hawafiki, mwanangu. Na ukanawe. Unanuka."