Injini Katika Chumba cha Wadogo Zangu

Uvuvi wa omena, dagaa wa ziwani kwetu, hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Siku ya mwisho ya Machi wavuvi wangu watatu huifunga injini ya mashua kwenye mti wa kubebea, wakaibeba mabegani kutoka ufuoni Sindo mpaka kwangu, kisha huenda zao kulima au kuchimba mchanga. Mimi hubaki nayo miezi minne.

Aliyeniachia injini na mashua yake alipofariki ni baba. Mama alikuwa ametangulia. Nilikuwa darasa la saba na nyuma yangu kulikuwa na watatu, kwa hiyo niliacha shule nikawa mkubwa wa watu wazima ambao hawakuzoea kuagizwa na msichana. Kwenye mashua yenyewe sikuingia. Huku kwetu mwanamke anaweza kuwa na mashua, lakini haendi nayo kuvua. Nilichoweza kujifunza ni injini, maana yenyewe hulala nyumbani kwa kuogopa wezi. Fundi mmoja alinionyesha mara moja, nami nikashika.

Kwanza naiwasha ndani ya pipa la maji mpaka mchanga na majani yaishe kutoka kwenye tundu lake la kutolea maji, la kukojoa kama tunavyoliita. Kisha nachomoa mpira wa petroli na kuiacha izime yenyewe, petroli isibaki kwenye kabureta ikaganda kama gundi. Nabadilisha oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Natoa plagi, natia oili kidogo katika kila tundu, navuta kamba polepole mara tatu. Halafu naifunga kwenye stendi yake ya mbao. Fundi alilisisitiza hilo kuliko yote: isimame. Ikilala kichwa kikiwa chini, maji yaliyobaki mguuni yatatiririka mpaka ndani.

Stendi iko katika chumba walicholala wadogo zangu. Mmoja sasa ameolewa Kehancha, mmoja yuko Nairobi, na kitinda mimba wetu ana duka la spea za pikipiki Migori mjini. Yeye ana mke na watoto wawili.

Mwaka jana, mwishoni mwa Mei, alinipigia akasema watakuja wote kukaa wiki moja. Chumba ni kidogo. Nikaifungua injini, nikaiteremsha peke yangu, nikaiburuta juu ya gunia na kuilaza kando ya ukuta ili godoro lienee. Sakafu ile ina mteremko. Niliona kwamba kichwa ndicho kimeenda chini. Nilijiambia ni wiki moja tu.

Hawakuja. Mtoto aliugua, halafu ikawa kazi, halafu mvua. Ningeweza kumwita jirani tuirudishe juu siku hiyohiyo, lakini kulitoa godoro kulikuwa kama kuwaambia wasije. Kila Alhamisi nilikung'uta shuka. Hivyo injini ililala wiki sita.

Nilipovuta kamba mwezi wa Julai, haikusogea hata kidogo.

Mkubwa wa wavuvi alikuja kuitazama akakuna kichwa. Hakunificha: kuna mashua nyingine inayowataka, na kama hii haitawaka kabla omena haijafunguliwa, wataenda huko msimu mzima. Nilimpigia mdogo wangu wa Migori simu nikamweleza. Kuhusu godoro sikusema.

"Dada, hiyo chuma imekuchosha," akasema. "Isipowaka kufikia tarehe moja Agosti, nakuja na pikapu. Kuna mtu Isebania anaitaka hata ikiwa mbovu. Na wewe upande humo garini, uje ukae na sisi."

"Nikae nikifanya nini?"

"Ukae tu. Kwani lazima ufanye kitu?"

Sijawahi kukaa tu.

Nilitoa plagi. Chini ya kila moja kulikuwa na maji ya rangi ya kutu. Niliyakausha kwa kitambaa, nikachanganya dizeli na oili, nikamimina, nikangoja hadi kesho yake. Nikatia spana kwenye nati kubwa ya juu na kusukuma kidogo, bila nguvu, maana ukilazimisha unavunja. Haikuenda. Nikamimina tena. Jirani yangu aliniuliza kutoka ng'ambo ya ua nilikuwa nikiongea na nani. Nikamwambia na injini.

"Afadhali wewe," akasema. "Mimi naongea na mume, na yeye pia hajibu."

Siku ya tatu ilisogea unene wa ukucha. Hapo nilisimama na spana mkononi. Nilijua vizuri kwamba nikiiacha hapo, atakuja. Safari hii angekuja kweli, maana kungekuwa na kitu cha kubeba. Ningewaona watoto wake wakiruka kutoka kwenye pikapu. Nilikaa juu ya pipa muda mrefu nikiwaza hivyo, kisha nikainuka nikasukuma tena, kwa kuwa wale wanaume watatu wana nyumba zao za kulisha, na mimi si mzigo wa kupandishwa pamoja na chuma.

Siku ya sita ilizunguka mzunguko mzima. Niliiosha ndani kwa petroli, nikaweka plagi mpya, nikasafisha kabureta, tukaitumbukiza kwenye pipa. Mkubwa wa wavuvi alivuta kamba mara nane. Mara ya tisa moshi ulijaa uani mpaka kuku wakakimbia, na maji yakaanza kuruka.

"Mgonjwa amekojoa," akasema. "Tumwondoe wodini."

Jioni hiyo mdogo wangu alipiga simu.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Basi si lazima nije."

"Si lazima."

Aliniuliza kama nahitaji chochote. Nilimwambia plagi mbili za akiba. Zilifika baada ya siku nne kwa dereva wa gari, zimefungwa kwa gazeti na utepe wa gundi, na juu yake ameandika jina langu kwa mwandiko ule ule uliolalia kushoto, ambao kwa ajili yake nilimkemea miaka mingi nikikagua madaftari yake.