Mkono wa Filbert

Usiku ule Elieshi alikaa gizani kwa kutaka mwenyewe. Mafuta ya taa yaliyokuwamo kwenye koroboi aliyamimina yote ndani ya chupa ya soda, akaikung'uta koroboi mpaka tone la mwisho, na mumewe Elisaria akaifunga ile chupa kwenye keria ya baiskeli kwa mpira na kuondoka nayo. Hiyo ilikuwa Jumapili mchana. Sasa mtaa wote wa Gerezani umelala, huko relini behewa moja linagongana na jingine kisha kimya, na baiskeli haijarudi.

Alikaa kwenye kigoda, mlango ameuegesha tu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kifua cha mwanawe Filbert, mtoto wa miaka mitano, aliyelala kwenye mkeka karibu na miguu yake. Kila alipoona muda umepita alimtikisa.

"Filbert, kunywa maji."

"Nimeshakunywa, mama."

"Kunywa tena."

Mtoto alikunywa macho amefumba. Elieshi aliinama akasikiliza koo. Maji yalipita. Ndipo naye akapumua.

Bwana mifugo alimwambia kwamba mtu aliyeshikwa na maradhi yale huyakimbia maji. Hakumwambia ampime mtoto usiku kucha. Hilo alilibuni mwenyewe.

Mambo yote yalianza na kokwa la embe, au ndivyo walivyodhani.

Elieshi na Elisaria walikuwa watu wa Machame. Kwao huko ng'ombe hachungwi. Hukaa bandani nyuma ya nyumba, akaletewa majani mpaka mdomoni, na mtoto hujua harufu ya ng'ombe kabla hajajua jina la baba yake. Elisaria alipopata kazi ya ufundi kwenye karakana ya reli na kumleta mkewe Dar es Salaam, si joto lililomsumbua Elieshi, wala mbu. Kilichomsumbua ni kuwaona watoto wake wakinywa chai ya rangi. Maziwa ya duka la ushirika yalikuwa ya foleni, na ukifika mbele unaambiwa yamekwisha. Basi wakanunua mtamba mmoja, wakamjengea banda uani kwa mabati chakavu na mataruma ya reli, wakamwita Mrembo.

Mwenye nyumba, Bi Sabaha, mjane wa Kizaramo aliyekaa chumba cha mbele, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyie Wachaga! Kesho mtamlaza kitandani huyo."

"Kitanda hakimtoshi, Bi Sabaha," Elisaria akamjibu. "Tungemlaza."

Lakini Mrembo alipozaa, aliyekuwa wa kwanza kufika uani alfajiri na bakuli lake ni huyo huyo Bi Sabaha.

Shamba hawakuwa nalo. Shamba lao lilikuwa soko la Kariakoo. Jioni, wafanyabiashara wa jumla walipokuwa wakifagia vizimba vyao, Elieshi alipita na watoto na magunia, wakaokota majani ya kabichi, maganda ya mahindi, mikungu mitupu ya ndizi na maganda ya kila namna. Watoto walikua kwa ratiba ya ng'ombe. Agnesi, aliyekuwa darasa la tatu, aligawa maziwa kwa wateja kabla ya shule, kidumu kimoja kila mkono. Filbert alishika mkia mama yake akikamua, na tangu ajue kusimama hakuna inzi aliyetua juu ya Mrembo kwa amani.

Kisha Filbert akapata kazi yake mwenyewe. Msimu wa embe magunia ya soko hujaa makokwa, na ng'ombe akila kwa pupa kokwa humkwama nyuma ya ulimi. Mkono wa mtu mzima ni mnene, unamwumiza. Mkono wa Filbert ulipita. Elieshi aliuvuta ulimi wa Mrembo pembeni na kuushika kwa nguvu ili asiume, akaweka kipande cha mti kati ya mataya, na Filbert akazamisha mkono mpaka kiwiko. Aliutoa umelowa mate, kokwa ameliinua juu kama kombe la mpira.

"Daktari amemaliza," alisema. "Nipeni povu langu."

Alipewa povu la maziwa kwenye kikombe cha bati, akalinywa barazani wenzake wakimtazama. Mtaa mzima hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na cheo kama hicho.

Jumatatu ya wiki ile Mrembo hakula. Mate yalimning'inia mdomoni kama uzi. Alinyoosha shingo, akalia kwa sauti iliyokauka, sauti ambayo haikuwa yake.

"Kokwa hilo," alisema Elieshi.

"Tena kubwa," alisema Filbert, ameshakunja mkono wa shati.

Alipapasa mara ya kwanza, hakuna kitu. Alipapasa tena, ndani zaidi. "Mama, hakuna. Koo limelegea tu, kama kitambaa." Alipotoa mkono, jino la nyuma lilikuwa limemkwaruza kwenye kifundo cha kidole. Elieshi akapangusa damu kwa upindo wa kanga. Kesho yake wakajaribu tena, Agnesi ameshika taa. Hakuna kitu.

Siku iliyofuata Mrembo alianza kupiga kichwa ukutani. Bati moja likadondoka. Wateja waliokuja na vidumu wakarudi navyo mbio. Elisaria alitaka wamchinje haraka kabla hajafa, angalau nyama isipotee. Elieshi alisimama mbele yake.

"Baba Agnesi, mtazame macho."

"Macho yana nini? Ng'ombe anaumwa."

"Ng'ombe nimewajua tangu nazaliwa. Macho yale hayatutazami sisi. Nenda kamwite Bwana Leodegar."

Bwana Leodegar, bwana mifugo wa wilaya, alifika na mfuko wake na viatu vya mpira. Alisimama kwenye mlango wa banda, asiingie. Alimtazama Mrembo kwa muda mrefu, kisha akauliza bila kugeuka:

"Nani amemtia mkono mdomoni?"

Filbert akanyoosha kidole juu kama anavyomwona dada yake akifanya akicheza shule.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye daktari."

Leodegar akavua kofia. "Kuna mbwa aliyeingia humu hivi karibuni?"

Ndipo Bi Sabaha akakumbuka. Mwezi uliopita, magharibi, mbwa wa relini aliingia uani anayumba kama mlevi. Alimrukia Mrembo puani, na Bi Sabaha akamfukuza kwa mchi. Kidonda kilikuwa kidogo, wakakipaka majivu, kikapona. Nani angemfuata mbwa?

Mrembo alikufa usiku. Leodegar alikichukua kichwa kwenda kupimwa, mwili wakauzika na chokaa, na mkono wa Filbert ukaoshwa kwa sabuni mpaka mtoto akalia. Jumamosi jibu likaja: kichaa cha mbwa. Leodegar aliongea taratibu, kama mtu anayevuka daraja bovu. Mtoto lazima achomwe sindano, nyingi, tumboni, na zianze mara moja. Ugonjwa ukisubiriwa mpaka uonekane, hakuna dawa yake duniani.

"Mkono unamwasha?" aliuliza.

"Hapana," alijibu Elieshi.

"Ukianza kumwasha, niambie. Ugonjwa huu huanza hivyo, pale penye kidonda."

Hospitali muuguzi alifungua kabati akawaonyesha: tupu. Katoni mpya ilikuwa imefika ghala la dawa, ng'ambo ya karakana, lakini ghala lilifungwa Ijumaa. Mwenye ufunguo, Bwana Marcelino, alikuwa kwenye shamba lake Kimara anapalilia mahindi, na likizo yake ilikuwa ya wiki nzima. Ufunguo wa pili ulikuwa umesafiri na mkubwa wake. Kisha muuguzi akapunguza sauti.

"Na dawa yenyewe inataka baridi. Friji la pale ni la mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, moto ukizimika, dawa inaharibika. Mnajua wenyewe mafuta ya taa yalivyo adimu siku hizi."

Elieshi alijua. Alijua pia kitu kisichopenda joto. Maziwa ya asubuhi yaliyosahauliwa juani hayahitaji daktari wa kuyapima.

Jumamosi ile Elisaria aliimaliza akimtafuta mtu anayeijua njia ya kwenda kwenye shamba hilo, na Jumapili karibu na adhuhuri akaelekezwa. Alimwendea Kasmir, jirani mwenye pikapu.

"Kaka, ungenijia jana," Kasmir alisema, uso chini. "Leo ni Jumapili. Kwa amri ya kubana mafuta, kutoka saa nane mchana gari la mtu binafsi halitembei, na sasa hivi ni saa saba na nusu. Nitakamatwa Ubungo, na wewe hutafika."

Ndiyo maana ikawa baiskeli. Ndiyo maana chupa ya mafuta, ya kulilisha friji mara ghala likifunguliwa.

Gizani, mlango uliguswa. Elieshi aliruka, lakini alikuwa Bi Sabaha, amejitanda kanga, na kigaloni mkononi.

"Shikamoo, Bi Sabaha."

"Marahaba, mwanangu. Shika hii. Ni mafuta."

"Umeyapata wapi?"

"Nilijiwekea ya siku yangu ya kufa, watu wasije wakakesha gizani wakanisema. Sasa bado sijafa, yananiozea chini ya kitanda." Alijaribu kucheka, kicheko kikakatika. "Washa basi taa."

"Siwashi, Bi Sabaha. Haya ni ya friji."

Bibi hakubisha. Alikaa kizingitini, akaanza kuvuta uradi kwa sauti ndogo.

Agnesi hakuwa amelala. Sauti yake ikatoka kitandani. "Mama, kweli Filbert atabweka?"

"Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Watoto wa Mama Celina. Wanasema atabweka, halafu tutafungwa wote ndani."

"Kesho nitawapitia hao na fagio. Lala."

Lakini nje huko relini mbwa alilia kweli, mara moja, na Elieshi akausukuma mlango mpaka ukagusa fremu. Bi Sabaha akasimamisha tasbihi. Walisubiri. Mbwa hakulia tena, na hilo halikuwapa raha yoyote.

Alimwamsha Filbert, akampa kikombe. Mtoto alikunywa nusu, akakisukuma.

"Kunywa yote."

"Mama," alisema kwa sauti ya usingizi, "mkono unawasha."

Elieshi aliweka kikombe chini. Alitafuta kiberiti kwa kupapasa, njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikashika. Alivuta ule mkono mdogo karibu na moto. Kovu lilikuwa pale kwenye kifundo, jekundu, na kando yake kivimbe kama cha mbu. Au kilikuwa juu ya kovu lenyewe? Njiti ikamwunguza kidole, ikazimika kabla hajajua.

"Mbu hao," alisema Bi Sabaha gizani. "Gerezani hii mbu wamejaa."

"Ndiyo," alisema Elieshi. "Ni mbu."

Akaufunika ule mkono kwa upindo wa kanga.

Kengele ya baiskeli ilisikika kabla ya adhana ya alfajiri. Elisaria alikuwa amelowa jasho kama aliyetumbukia kisimani. Nyuma yake kwenye keria alishuka mtu mfupi, mwenye udongo mwekundu hadi magotini, akijinyoosha kiuno.

"Mama, habari ya usiku. Mimi ndiye Marcelino. Mume wako kanibeba kama gunia la mkaa, na kila shimo la njia ile analijua."

"Ufunguo unao?" Elieshi hakukumbuka hata kumkaribisha.

"Ufunguo ninao." Akaugusa mfuko wa shati. "Friji ndilo sina uhakika nalo. Nililiacha Ijumaa na mafuta robo. Sikuwa na mengine, na niliyemwomba hakuwa nayo. Sitaki nikudanganye."

Elieshi alimfunga Filbert mgongoni kwa kanga, ingawa alikuwa ameshavuka umri wa kubebwa, akashika kigaloni. Bi Sabaha alibaki na Agnesi. Walivuka reli watu wanne, Marcelino mbele, Elisaria akiikokota baiskeli, ile chupa ya mafuta ikining'inia kwenye usukani. Weupe ulikuwa umeanza kujitokeza upande wa bandarini. Mtoto alikuwa wa moto mgongoni kwake, na Elieshi alijiuliza kama ni moto wa usingizi au wa kitu kingine. Alitembea.

Ghala lilikuwa jengo refu la mabati. Marcelino aliingiza ufunguo, ukazunguka, kufuli likadondoka mkononi mwake. Lakini mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukagoma. Elisaria aliegemeza baiskeli, akarudi nyuma ili aupige kwa bega.

"Taratibu!" Elieshi alimshika mkono. "Ukiusukuma hivyo utaingiza upepo. Kama moto bado upo, tutauzima wenyewe."

Elisaria akasimama. Marcelino akamtazama yule mama, kisha akaitikia kwa kichwa. Wanaume wawili wakaweka viganja vyao kwenye ubao, wakausukuma kidogo kidogo, kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa. Elieshi alipiga magoti kwenye kizingiti, mtoto mgongoni, akakinga nafasi ya chini kwa upana wa kanga yake.

Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya dawa. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa sakafu, akatazama kule kwenye kona, chini ya friji. Mwanzo hakuona kitu. Kisha akauona moto, mdogo kama punje ya mtama, wa bluu, unatetemeka.

"Unawaka," alisema. Akasukuma kigaloni mbele. "Bwana Marcelino, mimina. Taratibu. Baba Agnesi, kimbia kamwite muuguzi."

Miguu ya Elisaria ilisikika ikikimbia kwenye kokoto za reli. Mafuta yakaanza kutiririka. Elieshi alibaki pale sakafuni, haondoi macho kwenye ule moto, na mgongoni mwake, ndani ya kanga, alimsikia Filbert anajikuna.