Kumtoa Baba Mlangoni Kwake

Niliondoka Lubumbashi asubuhi kwa sababu baba yangu alikuwa amekufa Likasi, na mama alikuwa ameniagizia neno moja: mzee alisema atoke nyumbani kwake. Kwetu maiti hutoka nyumbani kwake kwenda kaburini. Lakini ile nyumba haikuwa yetu tena. Ilikuwa ya kampuni ya mgodi, na baba alipostaafishwa ilipewa familia nyingine. Yeye na mama wakahamia chumba cha kupanga Kikula, mtaa mwingine wa Likasi. Sasa mimi, binti wa kwanza, ilinibidi nikawabembeleze watu nisiowajua wapokee maiti yetu sebuleni mwao. Jamani, unaanzaje kuomba kitu kama hicho?

Njiani nilikaa juu ya magunia ya unga wa bukari, ugali wetu, lori likiyumba kutoka shimo hadi shimo. Kapolowe tulisimama kupoza injini. Wenzangu walinunua viazi vitamu. Mimi nilibaki juu ya magunia. Mama mmoja wa safari, nilipomweleza ninakokwenda, alisema wale hawatakubali kamwe. Nilimkasirikia, kwa kuwa hata mimi nisingekubali.

Likasi nilishukia mtaa wetu wa zamani. Bwawa tulimofundishwa kuogelea lilikuwa limejaa udongo na kupandwa mahindi. Ukumbi wa dansi wa wafanyakazi umekuwa kanisa la maombi, na kwenye zahanati wagonjwa walikuja na maji yao ya ndoo. Nyumba yetu ilikuwa bado imesimama peke yake katikati ya lupango lake, kiwanja chenye ua, na baraza yake mbele, ila madirisha mawili yamezibwa kwa mabati. Niliiangalia nikalia, wala sioni haya kusema.

Barazani alinipokea mama wa nyumba, Mama Odette. Mume wake alikuwa kazini, kazi ambayo mshahara wake ulishasahau njia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Miye niko na batoto humu, mama,” alisema. “Kifo kikiisha kuingia, hakitokake.”

Nikaomba basi tusimame langoni tu, mzee aage, tuendelee. Akajibu kwamba barabara ni ya watu wote. Nikamshukuru kwa unyonge.

Kikula nilimsimulia mama yote. Aliuliza tu kama waridi zake za mbele bado zipo. Nilimdanganya kwamba zipo.

Siku ya mazishi tulipanda gari la jirani pamoja na jeneza, tukiimba. Tulipokaribia ile nyumba nilimwomba dereva apunguze mwendo. Lango lilikuwa wazi. Viti, meza, kabati, hata vitanda vya watoto, vyote vilikuwa nje kwenye majani. Ndivyo tunavyofanya nyumba ikiwa na kilio, ili wanawake wapate kukaa sakafuni. Mama Odette alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, kitambaa kichwani.

Mama yangu aliteremka, akamtazama. Mama Odette akamshika mkono.

“Mumulete baba,” alisema. “Kesho ba kampuni batatufukuza na siye.”

Tukamwingiza. Wanawake wa mtaa mzima wakaja kukaa chini, wakamlilia kama jirani yao, kisha baba akatoka kwa mlango wake wa mbele.

Nilirudi Lubumbashi juu ya magunia ya makaa. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba sisi hatuna nyumba tena Likasi. Siku hizi mtu akiniuliza kwetu ni wapi kule, namjibu: kwa Mama Odette.